Magoti kwanza: kwa wadogo zangu mnaofika Korea na kukutana na barafu

Kila ikifika Desemba napokea ujumbe wa namna ileile kutoka kwa wanafunzi wapya wa kwetu walioko Korea Kusini: "Kaka, darasa letu la lugha linaenda kuteleza kwenye barafu Jumamosi. Niende, au nisingizie homa?"

Nenda. Ila usiende kama nilivyokwenda mimi.

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Barafu niliyokua nayo ni ile ya ubuyu, ya kwenye mfuko wa nailoni, unaing'ata kona na kuifyonza mpaka rangi inaisha. Nilifika Seoul kwa ufadhili wa masomo, mwaka wa kwanza wote ukiwa wa lugha, na majira ya baridi yakanikuta bado nababaika na herufi. Siku wenzangu waliponichukua kwenda kuteleza nilivaa suruali ya jinzi, soksi jozi tatu na kofia ya Yanga. Nikasimama wima kama askari wa gwaride. Kwa hesabu ya rafiki yangu wa Mongolia, aliyekuwa anarekodi kwa simu, nilidumu wima sekunde nne.

Wakorea wana neno maalumu la kuanguka kwa namna ile: eongdeongbang-a. Eongdeong ni makalio, na bang-a ni kinu cha kukobolea nafaka. Ukianguka kitako wanasema umetwanga kinu kwa makalio. Sisi tuliokulia kwenye mpunga hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Huu sasa ni msimu wangu wa nne, na kama ningeambiwa nikuachie neno moja tu kabla hujaingia kiwanjani, ningesema magoti. Yakunje. Ukidhani umeyakunja, bado hujayakunja. Kwetu mtu mzima anayetembea amejikunja ama anaumwa ama anavizia kuku wa jirani, kwa hiyo mwili unakataa. Unaingia na heshima zako, kifua mbele, mgongo umenyooka, na barafu inakuvua heshima hizo mbele ya watoto wa chekechea.

Sababu yenyewe si ya kichawi. Chuma kilicho chini ya kiatu ni chembamba, milimita chache tu, na kinakwenda mbele na nyuma bila kizuizi. Ukisimama wima uzito unakaa kwenye kisigino. Mguu ukichomoka mbele kidogo tu, kiwiliwili kinabaki nyuma, na kinu kinatwangwa. Ukikunja magoti mpaka ugoko ukandamize ulimi wa kiatu, uzito unahamia katikati ya chuma, na mguu unaotaka kutoroka unaweza kuurudisha. Mikono ikae mbele, usawa wa kiuno, kama mtu aliyebeba sinia la chai. Macho yatazame unakokwenda. Ukitazama vidole vyako, kichwa kitavuta mwili mzima kwenda huko chini.

Aliyenifundisha hili hakuwa mwalimu. Alikuwa binti wa miaka kama minane, kofia ngumu kichwani, aliyenipita mara tano huku mimi nimekumbatia ukuta. Mara ya sita akapunguza mwendo, akanitazama kwa huruma, akasema: "Ajeossi, mureup!" Mjomba, goti! Akachuchumaa huku bado anateleza ili nione linavyofanyika, kisha akaenda zake. Usimwonee haya mtoto anayekurekebisha kwenye barafu. Wengi wao wameanza wakiwa na miaka mitano au sita.

Turudi nyuma kidogo, kwenye dirisha la kukodi viatu. Watakuuliza namba. Usiseme 42, hawatakuelewa. Korea viatu hupimwa kwa milimita, kwa hiyo pima mguu wako ukiwa bado hosteli: mimi ni 270. Wao viatu hivi wanaviita seukeiteu. Wewe usijaribu kulifupisha neno hilo kwa Kiswahili, maana ukisimulia nyumbani kwamba umekodi sketi kwa saa moja, mama atataka maelezo.

Viwanja vingi vina aina zaidi ya moja. Kuna kiatu kirefu kinachoshika kifundo, chenye chuma kifupi na meno mbele, cha ule mchezo wa mizunguko na muziki ambao Wakorea huuita pigyeo. Kuna cha mbio, kifupi kifundoni, chenye chuma kirefu kisicho na meno. Utaona watoto wa Kikorea wengi wamevaa hivi vya mbio na wewe utatamani. Vumilia. Siku za mwanzo chukua kile kinachoshika kifundo, lakini yale meno ya mbele uyaogope: ukijisukuma kwa ncha ya mguu kama unavyotembea barabarani, yatakwama na utaanguka kifudifudi, jambo ambalo ni baya kuliko kinu.

Soksi ni jozi moja, ndefu, nyembamba. Hapa ndipo tunapokosea sote tuliotoka kwenye joto. Tunadhani soksi tatu zitatukinga, kumbe mguu unaogelea ndani ya kiatu na kifundo kinakosa pa kushikwa. Kamba zilegee kidogo vidoleni, zikaze sana pale mguu unapopinda kuelekea ugoko. Ukisimama, kisigino kisinyanyuke. Kikinyanyuka, kaa chini ufunge upya, hata kama marafiki wanakuita. Mimi hadi leo nafunga mara mbili. Jinzi acha hosteli, ikilowa inageuka ubao. Glovu ni lazima, na viwanja vingi havitakuruhusu kuingia bila hizo. Si kwa ajili ya baridi tu, bali ukianguka vyuma vya watu vinapita karibu na vidole vyako. Kofia ngumu hukodiwa au hutolewa palepale. Dada zangu wa hijabu, chagueni mtandio mwepesi usioteleza, ncha zake zote ziingie ndani ya jaketi, kofia ikae juu yake. Mtandio mrefu unaopepea ni hatari kwenu na kwa anayewafuata.

Kabla ya kugusa barafu, fanya jambo ambalo hakuna rafiki atakayekushauri ulifanye kwa sababu linachekesha: jifunze kuanguka ukiwa bado kwenye zulia la mpira. Ukihisi unakwenda, usipigane. Shuka, chuchumaa, lalia upande mmoja wa paja na nyonga, kidevu kifuani, vidole umevikunja ngumi. Usitangulize kiganja. Narudia, usitangulize kiganja. Kuinuka nako kuna utaratibu: piga magoti, weka mguu mmoja katikati ya mikono, egemea goti hilo kwa mikono yote miwili, simama taratibu. Usivute suruali ya mtu aliye karibu. Nimefanya, najua inavyoishia.

Kiganja changu kina hadithi yake. Wiki ya tatu, kwenye kiwanja kimoja cha muda kilichokuwa kimejaa watu kuliko uwezo wake, nilijiona nimeiva. Nikanyoosha magoti ili nipigwe picha nzuri. Mtu akanigusa begani kwa nyuma, nikaenda nyuma, nikatanguliza mkono wa kulia. Mfupa wa kifundo cha mkono ulipata ufa. Wiki tano za plasta, mtihani wa lugha nikauandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa kuku aliyekanyaga wino. Kilichoniokoa mfukoni ni bima ya afya ya taifa, ambayo wanafunzi wa kigeni waliingizwa kwa lazima tangu Machi 2021. Mnalalamika kila mwezi makato yakija, nami nilikuwa nalalamika, mpaka nilipoona bili kabla na baada ya bima. Hakikisha malipo yako hayajalala. Na kliniki ya kutafuta ikitokea ajali inaitwa jeonghyeong oegwa, ya mifupa. Zipo nyingi mitaani, huna haja ya kukimbilia hospitali kubwa kwa kila teke.

Hatua za kwanza zenyewe ni hivi. Visigino karibu, ncha za miguu zikitazama nje, tembea kama bata, hatua fupifupi. Bata huyo akizoea, atagundua kwamba kila hatua inamteleza kidogo mbele bila yeye kutaka. Iache iteleze. Kisha jaribu kuchora samaki: miguu yote miwili kwenye barafu, ifungue ikiwa imekunjwa magoti, halafu irudishe ikutane mbele, tena na tena, bila kunyanyua hata mmoja. Ukichora samaki kumi mfululizo bila ukuta, umeshavuka mto. Baada ya hapo ndipo unajifunza kusukuma kwa mguu mmoja, na msukumo unatoka pembeni, haurudi nyuma. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na kukimbia, na ndiyo iliyonichelewesha mimi niliyecheza mpira tangu utotoni. Kusimama: panua miguu, elekeza ncha ndani, sukuma visigino nje, magoti chini zaidi ya ulivyozoea. Barafu inakwaruzika kidogo, mwendo unakufa. Ukuta si breki. Ukitaka kujua ukuta ni nini, uliza kidevu cha mwenzangu wa bwenini.

Mahali pa kuanzia, ukiwa Seoul na mfuko wako ni wa mwanafunzi, ni kile kiwanja cha wazi kinachojengwa kila majira ya baridi mbele ya jengo la Jiji, Seoul Plaza. Kilianza mwaka 2004, na kiingilio ni won 1,000, haifiki dola moja, viatu na kofia ngumu vikiwa humo humo. Kwa bei hiyo hakuna kisingizio, ila wikiendi ni msongamano kama wa Kariakoo mkesha wa sikukuu, kwa hiyo nenda siku ya kazi. Kuweka nafasi mtandaoni kunaweza kukutaka uthibitishe simu iliyosajiliwa kwa jina lako kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya ukaazi, na majina yetu marefu huwa yanaikorofisha mifumo yao. Jipange mapema dirishani. Ukitaka paa juu ya kichwa, Lotte World pale Jamsil wana kiwanja cha ndani kinachofanya kazi mwaka mzima. Mimi moyo wangu uko Taereung.

Taereung iko kaskazini mashariki mwa Seoul, na kwa miongo mingi lilikuwa ndilo jina la mahali wanamichezo wa taifa walipolala na kufanya mazoezi, kabla kambi kuhamia Jincheon mwaka 2017. Kiwanja chake kina mzunguko wa mita 400, ndani ya jengo, na raia wa kawaida wanaruhusiwa kuingia. Mara ya kwanza kukiona nilidhani ni hangari ya ndege. Jina lenyewe ni la kaburi la malkia wa enzi za Joseon lililo jirani, na kwa kuwa makaburi ya wafalme wa Joseon yaliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2009, kuna mpango wa kukihamisha kiwanja kwingine. Kiwahi kikiwa bado kipo.

Adabu za kiwanjani ni chache lakini ni kali. Watu wote huzunguka kinyume cha saa. Wanaojifunza hukaa karibu na ukuta, wenye mwendo wapo ndani zaidi, na kukatiza katikati ni kosa litakalokuletea firimbi. Ukisikia tangazo lenye neno jeongbing, toka: barafu inasawazishwa. Mashine inakwangua tabaka la juu na kumwaga maji ya moto, ambayo yanajaza mikwaruzo kisha yanaganda laini. Siri ya wazee wa pale ni kuwa wa kwanza kuingia baada ya jeongbing, maana dakika kumi za barafu mpya zinafundisha kuliko saa nzima ya barafu yenye mifereji. Mwalimu yeyote mwite seonsaengnim na uiname kidogo, hata kama ni kijana kuliko wewe.

Barafu ya mtoni au ya bwawani uiache kabisa kama hakuna bango la wenyeji la kuruhusu. Kila mwaka kuna mgeni anayeona maji yamekuwa meupe na kudhani ni sakafu. Ukitamani barafu ya asili kwa usalama, tafuta shamba la mpunga. Sikutanii. Baada ya mavuno, baadhi ya wakulima hujaza maji mashambani, yakaganda, na watoto wakaketi juu ya sseolmae, kibao chenye vyuma viwili chini yake, wakijisukuma kwa vijiti viwili vyenye msumari nchani. Kina cha maji hakizidi goti, barafu ikivunjika utalowa tu. Nilipoona jaruba la mpunga limegeuka uwanja wa michezo nilimpigia baba simu ya video. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza: "Na panya je, wanakwenda wapi?"

Sasa mambo ya kuongea. Huwezi kuishi hapa majira ya baridi bila kujua majina machache, kwa sababu wenyeji wakikuona na viatu vya barafu watakuuliza unamshabikia nani. Ukijibu Kim Yuna utakuwa salama na utaonekana huna jipya. Alizaliwa Bucheon mwaka 1990, akashinda dhahabu ya pigyeo kwenye Olimpiki ya Vancouver 2010 kwa alama 228.56, rekodi ya dunia wakati ule, akapata fedha Sochi 2014, na ndiye aliyewasha mwenge PyeongChang 2018. Wasichana walioingia kwenye barafu kwa kumwona yeye wanaitwa watoto wa Yuna. Matunda ya kizazi hicho yanaendelea: kwenye mashindano ya dunia ya 2023 kule Saitama, Lee Hae-in na Cha Jun-hwan walileta medali za fedha, mmoja kwa wanawake, mwingine kwa wanaume.

Lakini dini halisi ya hapa ni shoti treki. Hizi ni mbio za kwenye kiwanja kidogo, mita 60 kwa 30, mzunguko mmoja ukiwa mita 111.12, watu wanabanana na kupitana bila kuwa na njia zao binafsi. Korea Kusini ilishiriki Olimpiki ya majira ya baridi kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na ikakaa miaka 44 bila medali. Mwaka 1992, Albertville, shoti treki ilipoingizwa rasmi, Kim Ki-hoon akashinda mita 1,000, dhahabu ya kwanza ya nchi hii kwenye barafu au theluji, kisha akaongeza ya kupokezana. Kwa nini mchezo huu? Jibu ninaloliamini ni la kiuchumi kabla ya kuwa la kipaji. Kiwanja cha mita 400 ni ghali na vilikuwa adimu. Cha shoti treki kinaingia kwenye jengo dogo. Na kwa kuwa mchezo ulikuwa mpya Olimpiki, hapakuwa na baba wa kumrithi. Wakaukalia, wakautafiti. Kim Ki-hoon anasifiwa kwa kupaka gundi ngumu kwenye ncha za vidole vya glovu ya kushoto ili mkono uteleze unapogusa barafu kwenye kona badala ya kukwama. Glovu hizo hapa zinaitwa za chura. Vyuma vyao vyenyewe hupindwa kidogo kuelekea kushoto na kufungwa upande wa kushoto wa soli, kwa sababu maisha yote ya mchezo huo ni kona ya kushoto.

Tazama marudio ya Nagano 1998, mita 1,000, wanaume na wanawake. Kim Dong-sung na Chun Lee-kyung, kila mmoja kwenye fainali yake, walikuwa nyuma ya mpinzani wa China mpaka hatua ya mwisho, kisha wakarusha mguu mbele, ncha ya chuma ikaugusa mstari kwanza. Simamisha picha pale uangalie goti la mguu uliobaki nyuma. Ukiwa umesimama wima huna mguu wa kurusha.

Au mtazame Lee Sang-hwa, wa mbio za mita 500 kwenye kiwanja kikubwa: dhahabu 2010, dhahabu 2014, fedha nyumbani 2018. Rekodi yake ya sekunde 36.36, aliyoiweka Salt Lake City Novemba 2013, ilisimama kwa zaidi ya miaka 10. Wakorea walimpa jina la geumbeokji, mapaja ya dhahabu, na ukimtazama anavyoanza mbio utaona kwa nini: amekaa chini kiasi kwamba paja liko karibu sambamba na barafu. Mwalimu wangu alituonyesha video yake na kuizima sauti. Hakusema chochote, alionyesha tu kwa kidole.

Kuna mbio moja ninayowaonyesha wote wanaotaka kuacha baada ya kuanguka. PyeongChang 2018, ingawa michezo ya barafu ilichezwa Gangneung, nusu fainali ya kupokezana ya wanawake, mita 3,000, mizunguko 27. Lee Yu-bin alianguka ikiwa bado zaidi ya mizunguko 20. Ukumbi ukapiga yowe. Kabla hajaacha kuteleza kwa tumbo alishanyoosha mkono, Choi Min-jeong akaugusa na kuondoka. Walimaliza wa kwanza, na kwa rekodi ya Olimpiki. Siku chache baadaye wakachukua dhahabu. Wanafanya mazoezi ya kuanguka, ndugu zangu. Wewe unaona aibu kuyafanya kwenye zulia.

Na kama umeshindwa aina moja, kuna jirani yake. Lee Seung-hoon alikuwa wa shoti treki, akakosa nafasi kwenye timu ya taifa mwaka 2009, akahamia kiwanja kikubwa, na Februari iliyofuata akashinda dhahabu ya mita 10,000 Vancouver. Ni kweli alipita mbele baada ya Mholanzi Sven Kramer kuondolewa kwa kukosea njia, lakini mita 10,000 si mbio unazoziokota barabarani.

Ukizungumza na wazee, usisahau kwamba rasi ni moja. Medali ya kwanza ya Mkorea kwenye Olimpiki ya baridi ililetwa na mwanamke wa Kaskazini, Han Pil-hwa, fedha ya mita 3,000, Innsbruck 1964. Ndugu yake wa kiume alikuwa amebaki Kusini, na walikutana Sapporo mwaka 1990, baada ya miaka kama 40. Niliitaja habari hii mezani kwa mzee mmoja niliyekuwa namsaidia Kiingereza. Aliweka kijiko chini, akaniongezea supu, tukabadilisha mazungumzo.

Lipo na upande mwingine, na nisingekuwa kaka mwema nikiuficha. Ukali wa mazoezi hapa umewahi kuvuka mpaka. Mwaka 2021 mahakama ilimhukumu kifungo kirefu kocha wa zamani wa timu ya taifa ya shoti treki kwa kumdhalilisha kingono mwanamichezo wake tangu akiwa na umri mdogo. Nchi nzima ilitikisika. Kwa hiyo ukijiandikisha darasani, au ukimpeleka mtoto wako, chagua mahali ambapo wazazi wanaruhusiwa kukaa na kutazama, na mwalimu anayekataa kutazamwa mkimbie. Heshima kwa seonsaengnim haimaanishi kunyamaza.

Madarasa yenyewe yanaitwa gangseup, hulipwa kwa mwezi, na ya watu wazima mara nyingi huwa alfajiri au usiku, maana mchana barafu ni ya watoto. Jiandikishe walau mwezi mmoja. Video za mtandaoni zinakuonyesha mguu. Hazikuambii kwamba wako umekaa vibaya. Usinunue viatu mwaka wa kwanza. Ukivinunua, nunua vya mitumba kutoka kwa mwanafunzi anayehitimu, na futa chuma kwa kitambaa kikavu kila unapotoka. Mimi nilivifungia vyangu kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na maji, nikaenda likizo Ifakara, nikarudi nikakuta kutu ya rangi ya ubuyu.

Darasa langu lilikuwa saa 12 asubuhi, nje hasi kumi. Tulikuwa saba: mimi, kijana wa benki, na akina mama watano wa zaidi ya miaka 50 ambao walinipita kila siku na kuniachia viazi vitamu vya kuchoma kwenye benchi. Mwalimu wetu, mtu wa makamo mwenye sauti ya mwadhini, aliwapigia watoto wa darasa lililofuata kelele ya "Anja!", kaa chini! Kwetu sisi watu wazima aliongeza adabu: "Anjeuseyo." Tafadhali keti. Miezi mitano nilisikia tafadhali keti, nami nikadhani nimeketi.

Msimu wa pili, mwezi Januari, nikiingia kona ya kushoto na vile viatu vya mbio nilivyokuwa nimevitamani, nikasikia nyuma yangu: "Anja! Deo anja!" Kaa! Kaa zaidi! Hakuna tafadhali, hakuna adabu, kama anavyowapigia watoto wake. Nikashuka. Nikashuka tena, mpaka paja likawaka moto na ncha ya kidole cha kushoto ikagusa barafu.